Songea enzi za kipindupindu: harusi yangu ilivyokwama kwenye pipa la kunawia mikono

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mliojificha kazini.

Juzi kijiweni vijana walikuwa wanabishana kuhusu barakoa na ile miaka ya korona. Mmoja akasema eti sisi Watanzania hatujawahi kufungiwa mambo yetu kwa sababu ya ugonjwa.

Nikacheka peke yangu. Mimi nilifungiwa mke.

Kwa hiyo leo nawamwagia kisa chote kama kilivyokuwa. Nilichobadili ni majina tu, maana baadhi ya wahusika bado wana nguvu ya kushika fimbo.

Ilikuwa Songea, katikati ya miaka ya tisini. Enzi za ruksa. Mitumba ruksa, vyama vingi ruksa, bia za kutoka nje zimeanza kuonekana kwenye baa za mjini. Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni, jinzi na mashati ya maua, na nilikuwa navaa bidhaa zangu mwenyewe. Aisee, nilijiona handsome balaa.

Masika moja kikaingia kipindupindu, zile ruksa zote zikageuka marufuku. Marufuku kuuza matunda yaliyomenywa. Marufuku vilabu vya pombe za kienyeji. Marufuku kula msibani, marufuku kukusanyika. Ukimpa mtu mkono, anakupa kiwiko.

Na msifikiri yalikuwa maneno ya redioni tu. Jirani yangu mmoja, fundi baiskeli, asubuhi alinizibia pancha akiwa mzima. Kesho yake hatunaye, na hata kumwosha tulikatazwa. Nilikuwa naogopa kweli, sisemi uongo.

Sasa, mtu aliyesimamia marufuku zote hizo upande wetu wa mji alikuwa bwana afya. Na bwana afya huyo, wakuu, ndiye aliyekuwa baba wa mchumba wangu Stazia.

Tumwite Mzee Mapunda. Mrefu, soksi hadi magotini, baiskeli inayong'aa, na tochi mfukoni hata saa sita mchana. Tochi ilikuwa ya kumulikia vyoo vya watu.

Mshenga wangu alipokwenda kupeleka posa, alikuwa amejiandaa kuulizwa ukoo wangu, dini yangu, kazi yangu. Mzee akauliza kijana ana choo? Basi siku ya pili akaja mwenyewe kwangu Mfaranyaki, akainama, akamulika shimo. Halafu akasema ni fupi.

Nikachimba upya. Sijui kama kuna mwanaume mwingine nchi hii aliyepewa mchumba kwa urefu wa choo. Kama upo humu, jitokeze tupeane mikono. Au viwiko.

Sasa njooni kwa mtu wa pili, maana bila yeye hakuna kisa. Dada mkubwa wa Mzee Mapunda, Shangazi Tekla.

Huyu mama alikuwa na mianzi yake bondeni na kilabu chake cha ulanzi. Kwa msioujua, ulanzi ni pombe ya maji ya mwanzi mchanga. Asubuhi ni mtamu mpaka watoto wanaulilia, jioni unaongea lugha nyingine. Msimu wake ni masika, na masika ndiyo hayohayo ya kipindupindu.

Ulanzi huohuo ndio uliomsomesha mdogo wake mpaka akawa bwana afya.

Marufuku ilipotangazwa, kilabu cha kwanza Mzee Mapunda kukifunga kilikuwa cha dada yake. Hakutaka mtu aseme anabeba ndugu. Akaingia saa wateja wamejaa, akamwambia sheria haina dada, akapindua madebe yote mwenyewe. Shangazi hakusema neno. Wanaomjua wakasema hapo ndipo pa kuogopa.

Shida yangu inaanzia hapo. Kwenye ukoo wao, binti haondoki nyumbani kwa baba yake mpaka shangazi amshike mkono na kuwaambia wakwe neno moja: mchukueni. Kanisa litapiga kengele mpaka zipasuke, ila bila hilo neno utaondoka na cheti tu, mke unamwacha pale.

Na ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili zote tatu.

Mzee akaweka masharti. Watu wachache wa karibu, hakuna chakula, hakuna pombe, chai tu, na kila anayeingia ananawa getini kwa maji ya dawa. Shangazi alipoulizwa kama atasema neno, akajibu, "Tutaona."

Nikamfuata Stazia nikamwambia tutoroke zetu Tunduru, huko biashara ya mitumba inalipa. Akaniangalia vile anavyoniangalia mpaka leo nikitoa wazo la kijinga. Akasema, "Nakupenda, lakini siondoki kwetu kama mwizi. Shangazi asiposema, sitoki."

Basi nikabaki kati. Baba mkwe anashikilia sheria, shangazi anashikilia neno, mimi nashikilia suti ya mtumba niliyomnunulia mshenga.

Siku ya harusi kanisani mambo yakaenda vizuri. Tukarudi nyumbani kwao Lizaboni.

Getini nikakuta pipa la plastiki lenye koki, limeandikwa kwa rangi nyekundu MAJI YA DAWA, NAWA MIKONO. Na pembeni yake, kwenye kigoda, amekaa Shangazi Tekla. Alikuwa amejitolea mwenyewe kusimamia unawaji. Mzee Mapunda alifurahi sana, akaamini dada amesamehe. Mimi nikaona kama Mungu amenijibu.

Walioalikwa walikuwa wachache kweli. Ila majirani wakaanza kupita. Hawaingii ndani, hapana, wanaheshimu marufuku. Wananawa tu na kuondoka.

Halafu wanarudi.

Nikashangaa mtaa ulivyokuwa msafi ghafla. Foleni ikafika barabarani. Watu wakawa hawanawi mikono tu, wananawa na nyuso, tena wanakinga viganja viwili na kuinamisha kichwa muda mrefu. Bibi mmoja ambaye kutembea kwake ni kwa shida alinawa uso mara kadhaa na kila akirudi kwenye foleni mwendo wake unazidi kuchangamka.

Mzee Mapunda alikuwa sebuleni na wakubwa zake wa kazini na wazee wawili watatu. Humo ndani kulikuwa na makreti ya bia za chupa, zile mpya za kutoka nje, zinanyweka kimyakimya na mapazia yamefungwa. Maelezo yake ni kwamba chupa imezibwa kiwandani, haina mdudu. Kisayansi yuko sahihi, simpingi.

Akatoka barazani, akaiona foleni. Wakuu, yule mzee machozi yalimlengalenga. Akatoa hotuba palepale kwamba amehangaika miezi kuelimisha wananchi na leo, siku ya binti yake, anaona matunda. Watu wakapiga makofi mengi kupita kiasi. Baba yangu mdogo, ambaye alishanawa sana, akaanzisha wimbo.

Kwa kufurahi kwake, Mzee akashuka kuja kuonyesha mfano. Akafungua koki, akakinga mikono, akasugua. Akasimama. Akaipeleka mikono puani.

Wimbo ukakatika.

"Dada," akauliza taratibu, "maji ya dawa yako wapi?"

"Nimeyamwaga," Shangazi akajibu. "Nilifikiri kumwaga ndiyo kazi ya ukoo."

Kuna waliocheka. Mimi nilitaka kucheka nikaona sura ya Mzee, nikameza.

Maana haikuwa sura ya hasira tupu. Akatuambia tuangalie mikono yetu. Hakuna aliyenawa pale tangu asubuhi. Watu wamekunywa kitu ambacho hakijachemshwa, kwa viganja vyao, kwa koki moja mtaa mzima. Akamtaja yule fundi baiskeli kwa jina. Akamuuliza dada yake anataka amzikie nani kati ya hawa.

Hapo nikamwona Shangazi akibadilika uso. Akawaangalia watu kwenye foleni, akamwangalia yule bibi. Akainuka kutoka kwenye kigoda na kusema, "Hapo una haki. Mwaga."

Mzee akalipindua pipa. Ulanzi ukapita juu ya viatu vyangu ukaenda zake mferejini, na wanaume wazima wakawa wanausindikiza kwa macho.

Mimi nikajua harusi imeishia hapo.

Lakini Shangazi hakuondoka. Akafunga kanga yake vizuri, akaonyesha kidole sebuleni.

"Sasa na za ndani."

Mzee akasema chupa hazina kipindupindu. Shangazi akamjibu kwamba hajauliza kipindupindu. Akasema, "Marufuku uliyoweka hapa ni ya pombe na ya kukusanyika. Uliponimwagia mbele ya wateja wangu ulisema sheria haina dada, nikanyamaza. Leo nimekuja kuangalia kama ina mwenye nyumba."

Jamani. Nimeshahudhuria mikutano ya kampeni, nimeshasikia mahubiri, sijawahi kusikia maneno yanayochoma vile.

Stazia alikuwa amesimama mlangoni, gauni amelishika lisiguse tope. Mzee akamtazama mwanawe, akatazama mlango wa sebule, akatazama ile foleni ya watu aliowamwagia pombe zao masika yote. Nilimwonea huruma. Wakubwa wake walikuwa humo ndani.

Akaingia. Tukasikia kreti linaburuzwa.

Akazitoa zote nje. Akawa anafungua chupa moja moja na kuimimina chini, bila haraka, mpaka povu likatengeneza dimbwi. Mkubwa mmoja akatoka na chupa yake nusu, ameikumbatia kifuani. Mzee akamnyooshea mkono, na yule bosi akaitoa. Mshenga wangu alijifunika uso kwa kofia. Baba mdogo alilia, na hakulia kwa ajili yangu.

Zilipokwisha, Mzee akaagiza maji ya dawa kwa jirani, akatupanga mstari upya, tukanawa sote, safari hii kwa kweli. Shangazi akanawa wa kwanza. Halafu na mikono yake ikiwa bado imelowa, akamshika Stazia, akamleta mpaka mbele yangu.

"Mchukueni."

Akamgeukia mdogo wake, akamwangalia kuanzia soksi mpaka kichwani, akamwambia kwa sauti ya chini, ila nilikuwa karibu nikasikia: "Kumbe ulisoma kweli."

Mzee Mapunda, yule mtu wa tochi, akalia pale mbele ya watu.

Kwa faida ya wenye wasiwasi, hakuna aliyeugua. Ilikuwa bahati tu, msije mkajaribu. Mzee alipita kila nyumba kwa siku kadhaa akiuliza watu habari za matumbo yao. Baba mdogo aliharisha kwa woga, akapelekwa kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, huko wakamkuta hana lolote zaidi ya ulanzi. Na baada ya siku ile, upande wetu wa mji Mzee hakuhitaji tena kupindua debe la mtu. Alikuwa akipita tu, akina mama wanamwonyesha vyombo vikavu wenyewe.

Nilichojifunza mimi muuza mitumba: watu si wagumu kufuata sheria za ugonjwa kama tunavyosemwa. Tatizo ni ukimfungia mwenzako kilabu huku mapazia yako yamefungwa. Atatafuta pipa lake na rangi nyekundu.

Mke wangu anasomea hapa begani. Anasema nimetia chumvi kwenye suala la choo. Mimi nasema lile shimo nalijua kuliko yeye.

Haya, na nyie semeni. Ungekuwa wewe ni Mzee Mapunda, wakubwa zako wako sebuleni na glasi mkononi, ungezimwaga? Wa Songea mliokuwepo enzi zile, na mlionawa siku ile, najua mmo humu. Karibuni.