Kuyatetea Meno ya Athumani Kule Fukayosi

Posa ya rafiki yangu Athumani ilirudi na jibu moja: hatumwozi binti yetu kwa mla tumbaku. Athumani hajawahi kuonja tumbaku. Ana meno ya kahawia tu, kama wengi waliokulia naye kule Meru, na huyapiga mswaki mpaka mtaa mzima unaamka. Mimi ndiye mshenga, ikanipasa kwenda kuyatetea.

Asubuhi tuliondoka Mapinga kwa pikipiki yake. Bagamoyo mjini tukanunua halua, tukashika barabara ya Msata. Upepo ulinivua kofia mara mia.

Tulipofika Fukayosi, Bi Tatu, mama wa binti, alitukaribisha mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu cheka nikuone," akamwambia Athumani, naye akabana mdomo.

"Mama, si tumbaku," nikaingilia. "Maji ya kwao yana madini ya floridi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga ndani ya fizi, yanatoka na madoa. Hata usugue kwa msasa!"

"Si ndiyo hiyo wanayotia kwenye dawa ya meno?"

"Ndiyo. Kidogo hukaza jino lisioze. Ikizidi, ndiyo haya."

"Na wajukuu zangu?"

"Hayarithiwi! Wakinywa maji ya huku, weupe wa meno yao utauona ukiwa Ubena!"

Bi Tatu akaanza kulegea. Athumani kwa furaha akafungua mfuko: "Mama yangu amekuletea magadi ya kulainishia maharage."

Nikatamani ardhi inimeze. Magadi nayo yana floridi, tena tele. Nilikuwa nimeyasoma hayo katika darasa la usiku. Nikasema ukweli.

Bi Tatu akacheka mpaka ushungi ukaanguka. "Mshenga, umeshinda kesi, kisha umeniletea shahidi wa kukufunga!" Akamgeukia Athumani. "Sikia, baba: chungu cha wajukuu zangu hakitiwi magadi. Mama yako atakubali?"

Athumani akapiga simu palepale. Sauti ya mama yake ikatoka: "Maharage bila magadi? Yataiva mwakani?"

Bi Tatu akaichukua. "Mwenzangu, yaloweke usiku kucha." Wakaongea muda ambao ningekwenda Chalinze na kurudi kwa miguu. Aliporudisha simu, alisema, "Haya, leteni wazee tuzungumze mahari."

Jioni, njiani kurudi, niliwaza ni wangapi tumewaita wachafu kwa maji waliyonyweshwa utotoni. Athumani hakuwaza kitu. Alicheka njia nzima, mdomo wazi, akitema wadudu mpaka Mapinga.