Waya wa Gongoni na Spika ya Kushoto

Sina sauti. Niliambiwa hivyo siku nilipokwenda kujaribiwa kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Tabora. Mwalimu wa kwaya aliniimbisha mstari mmoja, akaniimbisha tena, kisha akasema kwa upole kwamba kazi ya Mungu ina nafasi nyingi. Mke wangu alikuwa amesimama palepale na wenzake wa sauti ya pili, anatazama viatu vyake. Yeye anaimba. Ameimba tangu akiwa msichana kwao Ziba, anaimba akichambua mchele, na watu wa Isevya wakipita nje ya ua wetu hupunguza mwendo.

Nafasi yangu niliipata sebuleni. Nilikuwa na amplifaya na spika mbili kubwa, nilizonunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na baadaye nikapata kinasa sauti cha mkononi chenye masikio mawili, moja kila upande. Kila Jumapili nilisimama mbele ya safu ya sauti ya pili nikanasa nyimbo. Alasiri kwaya nzima ilikuja kwangu kujisikiliza. Ndio utaratibu wao mpaka leo: hakuna kusifiana wala kulaumiana kanisani mpaka wimbo umesikilizwa. Wanajazana hadi mlangoni, wanakunywa chai, na mimi nakaa kwenye kigoda karibu na vitufe. "Rudisha pale," wananiambia, narudisha. Mimi niliyekataliwa nilikuwa nimeshika sauti za watu wote mkononi, ya mke wangu ikiwa ya kwanza. Nisingebadilishana na mtu.

Muziki wangu ulikuwa na mvumo. Ukiuwasha tu, kabla ya wimbo, unasikia vuuu nzito isiyokoma. Nikawaambia watu kwamba hiyo ndiyo nguvu yake, na ukigusa bati la amplifaya likikutekenya vidole, hiyo nayo ni nguvu. Waya wake wa umeme ulikuja na plagi ya miguu miwili, na soketi zetu ni za matundu matatu. Usipochomeka kitu tundu la juu, mawili ya chini hayafunguki. Kila nyumba ina dawa yake: wengine njiti ya kiberiti, wengine kalamu. Mimi nilichonga kigingi cha mninga, nikakipiga msasa, nikakiingiza na kukiacha humo moja kwa moja. Wageni walikisifia.

Halafu bwana mmoja wa mtaa wa Gongoni akapata waya.

Ni mwimbaji wa sauti ya tatu, mjane, mstaafu wa reli, ana kifua kipana na meno yake yote. Kanisani humwita mke wangu "dada", kwa hiyo mimi ni shemeji yake nitake nisitake. Na kwa kuwa ananizidi umri, kila tukikutana lazima nianze mimi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, shemeji! Umenenepa!"

Sikunenepa.

Binti yake wa Dar es Salaam alimtumia kwa treni waya wa umeme wa kuwekea amplifaya. Aliuleta kanisani kwenye mfuko, akautoa baada ya ibada. Mnene kama bomba la maji, umesukwa kwa nyuzi nyeusi na za buluu, na plagi yake ina miguu mitatu inayong'aa. Akasema binti yake amemwambia waya wa namna hiyo unasafisha sauti, na akawaalika wote wakajisikilizie kwake Jumapili hiyo, mara moja tu, kwa majaribio.

Nikasema nina spea za baiskeli za kupanga dukani kwangu. Jumapili! Mke wangu alinitazama, lakini akaenda. Nilimkabidhi kinasa sauti changu kama mtu anayekabidhi mtoto kwa mama wa kambo.

Aliporudi jua lilikuwa bado liko juu. Alivua viatu akakaa. Kisha akasema, "Leo nimejisikia mwenyewe."

"Siku zote unajisikia."

"Hapana. Leo nimejisikia."

Roho iliniuma, sitaki kusema uongo. Angenisifia mwanamume mwingine kwa sura ningevumilia kuliko kumsifia kwa waya. Ile mara moja tu ikawa mara mbili, ikawa tatu. Sebule yangu Jumapili alasiri ikabaki na viti vyake. Mimi nilinasa, wao wakasikiliza Gongoni. Nikawa mpagazi, nabeba mzigo wa watu hadi mlangoni na kugeuka.

Jumapili ya nne nikashindwa, nikaenda. Nilitaka kukuta mambo ya kujisifu tu. Yule bwana alinipokea kwa mikono miwili, akaniweka kwenye kiti kilicho mbele kabisa, na hilo nalo likaniudhi. Nikachungulia muziki wake haraka. Spika ya kulia ilikuwa imewashwa, ya kushoto imefunikwa kitambaa.

"Vipi hiyo?" nikauliza.

"Ya kushoto inasumbua kidogo, shemeji. Tunasikilizia hii hii."

Nilicheka moyoni. Sifa zote hizo, mji mzima unazungumza, na spika yenyewe moja! Nikamtazama mke wangu ili tucheke pamoja. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Wimbo ukaanza, na kicheko kikaniisha. Hakukuwa na vuuu. Kabla ya ubeti wa pili kulikuwa na kimya kitupu, na ndani ya kimya hicho nikasikia mtu akivuta pumzi. Nilimjua. Nimelala karibu na pumzi hiyo miaka yote ya ndoa yetu, ila sikuwahi kuisikia ikijiandaa kuimba. Na niliisikia kwenye sebule ya mwanamume mwingine, aliyekuwa ameisikia wiki tatu kabla yangu. Nikamaliza chai yangu bila kujua ilikuwa na sukari au haina. Wakati wa kutoka mke wangu akamwambia, "Wabeja, kaka," asante ya kwao Ziba, kwa sauti ya chini niliyozoea kuambiwa mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimeza fundo, nikaenda kuuazima waya. Nilitumaini atakataa, nipate cha kumchukia kwa haki. Akauchomoa papo hapo, akaukunja vizuri, akanipa. "Kaa nao hata wiki, shemeji."

Nyumbani kigingi changu kilikuwa kimekwama kwenye tundu la juu, na plagi ya miguu mitatu haikuweza kuingia. Sikutaka kuharibu kazi ya mikono yangu. Nikachomeka ule waya kwenye ekstensheni, na ekstensheni yenyewe ya miguu miwili nikaiingiza chini ya kigingi kama kawaida. Nikawasha.

Vuuu. Ileile, haikupungua hata chembe.

Sijawahi kufurahia ubaya wa sauti kiasi hicho. Nilimwita mke wangu aje asikie. Nikaurudisha waya siku hiyohiyo, na kesho yake, nje ya kanisa, mbele ya kwaya nzima, nikatangaza kwamba nimeupima: waya ni waya, unene ni urembo, na binti wa watu kauziwa maneno. Mwenye waya akatabasamu. "Inawezekana, shemeji," akasema. Wakaenda Gongoni vilevile.

Wiki hiyo mke wangu alikuwa akifuta vumbi, amplifaya ikampiga. Safari hii haikuwa kutekenya. Kitambaa kilimtoka mkononi na yeye akakaa chini. Nilimleta fundi umeme asubuhi ileile. Aliangalia soketi, akaangalia kigingi, akaniangalia mimi.

"Mzee, nani kaweka mti humu?"

"Ni mninga," nikasema.

"Hili tundu ndiyo njia ya ethi. Umeme uliopotea unapita hapa unashuka ardhini. Wewe umeuzibia mlango, na waya wako wenyewe hauna mguu wa kupitia. Ndiyo maana chombo kinavuma, ndiyo maana kinapiga watu."

Alikitoa kigingi kwa koleo. Akauliza kama tuna waya wowote wa miguu mitatu. Mke wangu akaleta wa jiko la wali lililoungua zamani, mweusi, mwembamba, una madoa ya mchuzi. Fundi akauchomeka nyuma ya amplifaya, akawasha. Kimya. Niliinama nikaweka sikio kwenye spika nikidhani haijawaka.

Kumbe haikuwa unene wala nyuzi za buluu! Nilitaka kukimbia hadi Gongoni na waya wa jiko la wali nimeuvaa shingoni. Fundi alipoondoka, na mke wangu kwenda sokoni, nikaketi kwenye kigoda changu nikaweka wimbo wa Jumapili iliyopita, spika zote mbili. Nilikuwa naingoja ile pumzi, sasa nyumbani kwangu.

Ikaja, upande wa kulia. Halafu upande wa kushoto akaanza mtu.

Mwanamume. Hakuimba maneno, alikuwa anaguna wimbo mdomo ukiwa umefungwa, nzito, chini kidogo ya pale ulipotakiwa kuwa. Alipotea kwenye kila kona na kurudi amechelewa. Nilikasirika. Nani huyu anasimama karibu na kinasa sauti changu? Nilirudisha mara tatu kabla ya kukumbuka kwamba kinasa sauti nakishika kwa mkono wa kulia, na sikio lake la kushoto linaelekea mdomo wangu.

Nikaweka Jumapili nyingine. Nikaweka za nyuma. Nilikuwemo zote. Miaka yote ule mvumo ulikuwa umenifunika.

Mke wangu alirudi na kikapu akanikuta nimezima muziki. Alijua papo hapo.

"Wanajua wangapi?" nikauliza.

"Wote. Tangu siku ya kwanza ya ule waya."

"Na spika ya kushoto?"

"Nzima. Nilimwomba yeye aifunike. Nilijua ipo siku utakuja." Akaweka nyanya chini moja moja. "Na mwalimu alitaka akuambie. Nikakataa."

Ningepaswa kushukuru. Nilichoona ni kwamba mke wangu na yule bwana walikuwa na siri, na siri yenyewe ni mimi. Nilinuna hadi Jumapili.

Jumapili nilinasa wimbo huku nimebana peremende kati ya meno, midomo imefungwa. Mke wangu akawaambia wenzake kwamba leo ni kwetu, Isevya, na wakaja wote. Nikachomeka waya wa jiko la wali. Wimbo ukatoka msafi, pumzi na kila kitu, na upande wa kushoto hakukuwa na mtu. Mwalimu wa kwaya akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana wa Gongoni akasema, "Safi sana, shemeji," na nikajua ana maana gani, na nikamchukia kwa uungwana wake.

"Weka ile ya Jumapili iliyopita," mke wangu akasema.

Nikajifanya napangusa vitufe.

"Weka. Spika zote mbili."

Chumba kizima kikaacha kunywa chai. Nikabonyeza. Yule mtu wa kushoto akaanza kuguna, akakosea, akachelewa, na mke wangu akaja akaketi sakafuni karibu na kigoda changu, sikio lake kwenye spika ya kushoto. Hakuna aliyecheka. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Rudisha pale."

Nikarudisha. Nilipoinua macho kumtafuta bwana wa Gongoni, alikuwa amegeukia dirishani, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.