Punje ya Pili Kibarazani kwa Gharib

Habari hii hamtaiamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyeiona kwa macho haya mawili, nimekaa mkekani na kikombe mkononi, kuna siku najiuliza kama sikuota. Mwislamu mwenye asili ya Pangani kumpatia mwalimu wa Kikristo mahali pa kukaa Karagwe, tena kwa jino bovu! Haya, chekeni. Mkimaliza sogeeni, mkeka ni mpana. Mwenyewe Gharib yule pale anapepea makaa, anajifanya hasikii.

Gharib alikuja huku na msafara wa nguo na shanga, enzi za pembe za ndovu. Wenzake walipouza wakarudi pwani, yeye akabaki. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia miguu ilichoka. Ukimuuliza mkewe, Asia, atakwambia miguu ya Gharib ilizaliwa imechoka. Akajenga nyumba Ihanda, pembeni ya gulio, na mbele yake akaweka kibaraza.

Jambo la kwanza lililomtoa machozi ni mibuni. Ilikuwa nyuma ya kila nyumba, katikati ya migomba, imejaa matunda, na hakuna aliyekunywa kahawa hata tone! Wenyeji waliyachemsha matunda mabichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakayatafuna. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari za safari, anasogezewa kikapu kidogo, achukue tunda atafune.

"Neema yote hii mnaitafuna kama mbuzi!" Gharib alilalamika.

Mzee Kahitira, jirani yake, akamjibu bila kuacha kutafuna: "Na ninyi mnaiunguza mpaka iwe mkaa, halafu mnakunywa maji ya mkaa. Nani mbuzi?"

Gharib alikaanga buni, akaitwanga, akatia tangawizi, akaiteleka katika dele lake la shaba. Harufu ikafanya kazi iliyobaki. Wakaja wa Ihanda, wakaja wa Rugu, siku za gulio wakaja hata wa Kimuli, wamekaza nyuso kama watu wanaopewa dawa. Kikombe cha pili wakakiomba wenyewe. Ila kila mtu alishika lake: wao walikunywa na kutafuna, yeye alikunywa tu. Kikapu kikimfikia alikipitisha. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwona Gharib akitafuna kahawa, alivyo na majivuno.

Msidhani alipenda kahawa sana. Alipenda kelele. Ndugu zake wote walikuwa pwani, na kibaraza kilipokaa kitupu alijimiminia kikombe, akakitazama, akakimwaga. Watu walipobanana mpaka goti linamgusa mwenzake, wanabishana juu ya ng'ombe wa nani aliingia shamba la nani, ndipo moyo wake ulitulia. Hakuwahi kuyasema hayo. Alisema tu, "Sogeeni, mnaziba upepo."

Ndipo akaja Filipo Bitegeko, Mhaya kutoka upande wa ziwa, mwembamba kama mpini wa jembe, aliyetumwa na wazee wa kanisa lake kufundisha kusoma na habari za Yesu. Alijenga banda la nyasi mwisho wa kijiji. Akangoja. Wakaja mbuzi. Watu hawakuja, maana nani aende kukaa nyumbani kwa mtu asiye na ndugu? Basi Filipo akafuata harufu kama wengine.

"Shikamoo, baba Gharib."

"Marahaba. Kaa. Ila vitabu vyako viweke mbali na makaa."

Filipo hakuhubiri. Alikunywa, akasikiliza ugomvi wa ng'ombe, halafu akasema kwamba yeye naye ana kisa cha mtu mwenye wana wawili, mdogo akadai urithi baba angali hai. Kibaraza kikalipuka.

"Baba angali hai? Huyo mtoto alaaniwe!"

"Na kaka yake mkubwa aliyebaki kulima?"

"Huyo ndiye aliyeonewa! Ndama akachinjwa kwa ajili ya mpotevu!"

Walibishana mpaka ng'ombe wakarudi malishoni, na siku ya pili wakaja mapema kuuliza kama yule kaka mkubwa aliingia ndani au aligoma. Filipo akawaambia kitabu hakisemi. Mzee Kahitira alikasirika siku nzima. Polepole wengine wakaanza kuuliza herufi, Filipo akaziandika kwa mkaa wa Gharib juu ya gome la mgomba. Gharib alinung'unika kuhusu mkaa wake, na kila asubuhi akaacha vipande vikubwa mahali Filipo atakapovikuta.

Msikitini hawakupendezwa. "Kahawa yako inabatizwa, Gharib," alimtania Ramadhani, muuza nguo, na wenzake wakacheka kicheko kisichokuwa cha mzaha.

Halafu akaja Rutagwerera, mkungu, ndiye msimamizi wa kijiji chetu. Alikunywa vikombe vyake kwa utulivu, kisha akamgeukia Filipo. "Mwalimu, huna ubaya. Lakini huna ndugu hapa. Ukikosa, nimshike nani? Ukifa, nani akuzike? Mwezi ukiandama uwe na ndugu wa kukusimamia, ama urudi kwenu."

Kwa mtu mwingine hilo lilikuwa jambo jepesi. Tunda la kahawa lina punje mbili katika ganda moja, kama mapacha tumboni. Watu wawili wakitaka udugu, kila mmoja hujichanja, akaipaka punje damu yake, akampa mwenzake ameze. Kuanzia hapo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Mzee Kahitira alikuwa tayari kuchanjiana naye siku hiyohiyo. Lakini wazee wa kanisa waliomtuma Filipo walikuwa wamemkataza kuchanjiana na mtu yeyote, naye aliahidi.

"Basi si uvunje ahadi?" Kahitira alimwuliza.

"Nikiivunja hiyo, nitawafundisha nini ninyi?"

Gharib alisikia yote, akapepea makaa yasiyohitaji kupepewa. Angeweza kusema, "Nitamsimamia mimi." Yeye, mgeni aliyezoeleka, angesikilizwa. Lakini alimwona Ramadhani akimtazama kutoka dukani, akaufumba mdomo.

Mwezi ukakonda, ukapotea. Siku ambayo ungeandama jioni ilikuwa siku ya gulio, na Filipo akaja kuaga, mzigo begani. Watu walijaa kibarazani, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kelele. Gharib akammiminia. Kikapu cha kahawa za kutafuna kikazunguka, kila mtu akachukua, kikamfikia Gharib. Nasi tukangoja akipitishe.

Hakukipitisha. Alichukua tunda, akaliuma.

Hapo ndipo jino lilipomwadhibu! Alikunja uso, akashika shavu, akaguna, na tunda likatoka mdomoni limepasuka. Punje moja ikabaki mdomoni mwake. Nyingine ilikuwa kiganjani, nyekundu kwa damu. Na yule mtu wa pwani, asiyejua la kutafuna wala la kutema, akamnyooshea Filipo ile punje: "Chukua, mwanangu. Ya njiani."

Jamani, mkeka mzima tuliinuka kutazama.

Filipo aliitazama punje, akamtazama Gharib. Akaishika, akaifuta damu kwa pindo la kanzu yake. "Baba," akasema taratibu, "damu ya kutufanya ndugu ilishamwagika zamani, na haikuwa ya jino." Akaitia mdomoni, akaitafuna, akameza.

"Wamechanjiana!" Kahitira akapiga kelele.

"Hawakuchanjiana! Ameifuta!"

"Amemeza au hakumeza?"

"Damu ni ya mmoja tu! Huo ni udugu nusu!"

Ramadhani alikuja mbio, fimbo ya kupimia nguo mkononi. Mkungu akaitwa kutoka gulioni. Akawasimamisha wote wawili, akaanza na Filipo.

"Sikuchanjiana na mtu, Waitu, bwana wetu," Filipo akajibu. "Nimepewa punje, nimekula. Zaidi ya hapo sina, na siwezi kusema uongo ili nibaki."

Kahitira akajipiga paja kwa uchungu. Mkungu akamgeukia Gharib. "Nawe? Ulikusudia, au ni jino tu?"

Gharib alikuwa bado ameshika shavu. Neno moja lilitosha. Angesema "jino," Ramadhani angerudi dukani ameridhika, na Filipo angeshika njia ya ziwani. Aliangalia kibaraza chake, magoti yale yaliyobanana, yale magome ya mgomba yenye herufi. Akaondoa mkono shavuni.

"Nilimpa kwa mkono wangu," akasema. "Na sikuitaka irudi."

"Dini yake si yako."

"Najua. Na yangu si yake. Nitasali kwangu, atasali kwake, na kahawa ni moja."

Mkungu alifikiri, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Basi akikosa, nitakushika wewe."

"Nishike."

Ramadhani akaondoka bila kuaga. Mwezi mzima hakukanyaga kibarazani, kisha pua ikamshinda. Filipo alipewa shamba la migomba, akaoa, na mpaka leo anafundisha palepale. Adhana ikilia anafunga kitabu, Gharib anakwenda msikitini, akirudi anauliza wamefika wapi. Hajabatizwa, wala hafikirii. Lakini mtu akimsema Filipo vibaya hapewi kikombe.

Na lile jino? Sasa hapa ndipo hamtaniamini kabisa. Jioni ileile lilianguka lenyewe, kubwa kama kidole gumba! Filipo akalizika kwa heshima nyuma ya nyumba, na juu yake ukaota mbuni ambao kila tunda lina punje tatu, nyekundu mpaka ndani, na watu wa Kimuli walipokuja kulitazama kaburi walilia, mkungu naye akavua joho lake akalitandika juu ya—

"Jino gani?"

Gharib ameacha kupepea. Anakuja na dele mkononi, anainama mbele ya mkeka, anafungua kinywa chote.

"Hesabu. Yapo yote. Hakuna lililong'oka, na hakuna lililopata kuniuma hata siku moja."

Lakini, Mzee Gharib, mbona siku ile ulishika shavu, na ile damu tuliiona sote, kumbe ulijiuma mdomo makusudi ili—

"Lete kikombe, kahawa inapoa."