Siku Niliyoenda Kuposa na Mayai Tumboni

Nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu kila mtu wa Njoro anayeisimulia anaongeza yai. Juzi kinyozi aliniambia yalikuwa ishirini, akicheka na wembe mkononi, na hakujua kichwa anachokinyoa ni cha nani. Hayakuwa ishirini. Yalikuwa tisa, na nina uhakika kwa sababu niliyabeba mimi, tumboni, ndani ya leso ya mke wangu, chini ya koti la suti, mbele ya wakwe. Haya, aibu yenyewe ndiyo hiyo, chekeni mmalize kisha niwaeleze ilivyokuwa, kwa utaratibu, maana mimi ni mtunza stoo wa shule na kwangu kila kitu kina mahali pake, na utaratibu huo huo ndio ulioniponza.

Kwanza kuku. Wakati wa baridi kideri kilipita mtaani kwetu kikafagia banda langu lote, jogoo akiwemo (jogoo mwekundu, mrefu, ambaye majirani walikuwa wakija kumwazima kama ngazi), kikaniachia kuku mmoja tu. Ni mweusi mwenye madoa meupe, na mke wangu Nyambura humwita Madam kwa sababu hajawahi kuharakishwa na mtu. Madam alipona kwa kuwa ugonjwa ulipoingia bandani yeye alikuwa ameshaanza kulalia mayai yake kwenye kona ya jikoni kwetu, kile kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, mbali na wenzake. Kwa hivyo mnaelewa: hayo mayai tisa ndiyo yaliyokuwa yamebaki ya yule jogoo na ya kundi lote nililolilea kwa miaka. Yakiharibika, nimeanza upya na kuku mmoja mjane.

Pili, posa. Mwangi ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na tangu baba yake atutoke mimi ndiye nimekuwa baba. Anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, amepanga chumba kimoja Karagita, na huko huko kazini akakutana na Chelangat, msichana wa Kuresoi, mpole kwa sura lakini akiongea unasikiliza. Walipendana, wakakubaliana, ikabaki sisi wazee kwenda kubisha hodi kwao. Shida ilikuwa moja, nayo ilikuwa na jina: Mzee Rono, baba mkubwa wa msichana, ambaye alikuwa ametuma ujumbe mapema, bila kuzungusha maneno. "Kijana wa kukaa chumba kimoja, hata sukuma wiki ananunua, huyo atalea nini? Nani alimlea yeye mwenyewe? Wakuje tuwaone." Tuliambiwa wazi kwamba asiporidhika siku hiyo, hakuna siku nyingine.

Sasa sikilizeni nilichofanya asubuhi ya siku kama hiyo.

Jamaa wote walikuwa wakutane kwangu kabla ya safari, wanawake wapike chai jikoni, na jikoni kulikuwa na manyoya, mavi ya kuku na Madam mwenyewe amejitanua kwenye nyasi chafu. Nikaangalia, nikaona haifai. Banda lilikuwa tupu, nilishapuliza dawa na kupaka chokaa, nikaweka nyasi mpya. Nikajiambia namhamisha dakika mbili tu, wageni wakute pasafi.

Nyambura akaniona nikikunja mikono ya shati. "Baba Wambo, wacha huyo kuku."

"Ni dakika mbili."

"Kuku anayelalia hahamishwi mchana. Tena leo ndiyo siku yao, nimesikia moja likilia ndani."

"Ndiyo maana nataka watoto wazaliwe kwa nyumba safi."

Hakunijibu. (Akininyamazia hivyo huwa ananiachia kamba nijinyonge mwenyewe, nimejua hilo tangu tuoane na bado kila mara naichukua kamba.) Nikamshika Madam. Madam akanipiga bawa la uso, akapiga kelele za kuita polisi, akaruka juu ya seng'enge akapotelea ndani ya mahindi ya jirani. Tulimtafuta kila mtu na upande wake, mimi nikiwa na soksi za suti zimejaa blakijeki, zile mbegu za magugu zinazong'ang'ania nguo, tukaita, tukarusha mahindi, hakuna. Huku nje kaka yangu mdogo, Njoroge, amefika na pikapu na anapiga honi kama mtu anayeuza samaki.

Mayai yalikuwa yameanza kupoa. Niliweka moja sikioni, nikasikia kitu kinagonga. Majirani wote kideri kilikuwa kimewamalizia kuku, hakuna wa kunisaidia kuyalalia, na nyumbani hakuna anayebaki. Nikamwangalia Nyambura.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Wewe ndiye umemfukuza mama yao. Mama yao sasa ni wewe."

Akaleta leso yake ya maua ya waridi, akaniambia niinue shati, akayapanga mayai tumboni mwangu moja moja, akanifunga, akanifunga tena, akafunga vifungo vya koti, akarudi nyuma kuniangalia kama anayenunua sofa. "Umependeza," akasema. "Umekuwa kama mheshimiwa."

Ya barabarani siyasemi sana. Njoroge alijua kila shimo kati ya Molo na Kuresoi, lakini siku hiyo nilimfundisha kila tuta pia, kwa kupiga mayowe. Mwangi alikuwa ameketi nyuma na wengine, hakujua chochote, na mimi nikaona afadhali asijue, ana mawazo ya kumtosha.

Tulipofika, mama yake Chelangat akatoka mbio mikono imetandazwa, mama mkubwa wa mwili na wa roho, na niliona wazi kwamba ananijia kunikumbatia. Niliruka nyuma. Ndiyo, niliruka, mbele ya wakwe, mkono nimeutoa mbele kama mtu anayesimamisha ng'ombe.

"Samahani mama, ni kifua. Kifua kinanisumbua na hii baridi."

Huo ndio uwongo wa kwanza, na angalieni ulivyonilipa. Kwa huruma yao wakanitoa kwenye kiti nilichopangiwa, wakaniketisha karibu kabisa na jiko la makaa katikati ya sebule, wakanifunika blanketi, wakanipa uji moto. Nikatokwa na jasho mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa naiva, na walio tumboni, bila shaka, wakadhani mama amerudi.

Mzee Rono akasimama. Mwembamba, kofia ya sufu, sauti ya mtu aliyezoea kuita mbwa kutoka mlima mwingine. Akatukaribisha vizuri, akaweka sheria. "Zimeni simu. Simu ikilia hapa ndani tukiongea, faini ni jogoo. Na si wa dukani. Wa kienyeji."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo, nikimkumbuka marehemu wangu mwekundu.

Hata maombi ya kufungua hayajafika amina, nikasikia: piu. Kidogo, chini ya blanketi. Kisha piu, piu.

"Hiyo ni simu ya nani?" Mzee Rono akauliza.

Watu wakaanza kujipapasa. Ningesema ukweli pale pale, yangeisha. Badala yake nikatoa simu mfukoni (ilikuwa imezimwa tangu Molo), nikaibonyeza bonyeza kwa uso wa majuto. "Ni yangu, mzee. Nisamehe."

"Jogoo mmoja."

"Nimekubali."

Piu, piu, piu.

"Jogoo wa pili. Msemaji wa Njoro, hiyo simu yako haisikii? Ilete hapa."

Simu ikapitishwa mkono kwa mkono ikawekwa mezani, kando ya chupa ya chai, watu wote wakiiangalia. Nayo ikalala kimya kama jiwe. Piu, ikasema tumbo langu. Macho yote yakatoka kwenye simu, taratibu, yakaja kwangu.

"Anko," Mwangi akaninong'oneza, jasho limemtoka kuliko mimi, "ni nini hiyo?"

"Nyamaza, Mwangi."

Nyambura upande wa wanawake alikuwa anachunguza dari, mabega yanatetemeka.

"Basi msemaji asimame," Mzee Rono akasema polepole, "atuambie kilichowaleta."

Nikasimama. Blanketi likabaki kitini. Nilihisi kitu chenye unyevu kinapanda kuelekea kifuani, kina kucha ndogo, nikajua kimoja kimeshatoka na hakiko tayari kungoja zamu. "Tumekuja," nikaanza, ganda la yai likaanguka kwenye kiatu changu, "tumekuja kwa heshima," na kati ya kifungo cha pili na cha tatu cha koti, kichwa kikatokea. Cheusi, kimelowa, na doa jeupe juu ya mdomo. Kikawaangalia wakwe.

Nyanya yake Chelangat, ambaye wao humwita Gogo, alikuwa ameketi karibu na mlango na wote walidhani amesinzia. Ndiye aliyesema kwanza. "Uui! Mzee anazaa!"

Hapo nyumba nzima ikaangua kicheko. Njoroge, ndugu yangu wa tumbo moja, alitoka nje kwenda kuchekea kwenye pikapu. Lakini Mzee Rono hakucheka, na alipoinua mkono kicheko kikakatika.

"Hii ni dharau?" akauliza. "Mmekuja kuomba msichana au mmetuletea mchezo?"

Mwangi aliinamisha kichwa. Nikamwona Chelangat kwenye mlango wa ndani, ameshika trei ya vikombe, haendi mbele wala nyuma, na nikajua kwamba nikikosea neno linalofuata nimewavunjia hawa watoto nyumba kabla haijajengwa. Basi nikasema yote, bila kituo: kwamba si dharau mzee, kwamba ni kideri, na jogoo, na Madam, na mke wangu alinikataza, na mimi na usafi wangu, na kwamba mama yao amekimbilia kwenye mahindi kwa sababu yangu na nilisikia mmoja akigonga ndani ya yai, na nisingeweza kumwacha kiumbe anayegonga afe kwa baridi kwenye nyumba tupu eti kwa sababu mimi nina suti na nina safari, na kwamba sina kifua chochote, mama nisamehe, njoo unikumbatie baadaye, na kama kuna wa kurudishwa leo nirudishwe mimi lakini kijana hana kosa, hata hakujua.

Piu, akasema yule wa kifungoni, kana kwamba anaunga mkono.

Gogo akainuka. Akaja moja kwa moja, akamchomoa kifaranga kwenye koti langu kwa vidole viwili, akampulizia pumzi ya joto. "Nyinyi mnaongea," akawaambia wanaume wote, "na watoto wanapata baridi. Niko na kuku analalia huko jikoni. Wewe, fungua tumbo."

Nikafungua tumbo. Vifungo vya koti, shati nje, leso ya maua ya waridi mbele ya ukoo mzima, Nyambura akikata fundo kwa meno kwa sababu alikuwa amelifunga kwa hasira. Yakatolewa moja moja yakawekwa kwenye beseni lenye sweta, mawili yameshapasuka, moja linatikisika lenyewe, na kila likitoka wanawake wanahesabu kwa sauti. Walipofika tisa, pamoja na yule wa mkononi mwa Gogo, walipiga vigelegele. Sijawahi kushangiliwa hivyo maishani, na suruali ilikuwa inanishuka.

Mkutano ukahamia jikoni. Hakuna aliyeutangaza, watu walifuata beseni tu. Gogo akainua kuku wake, mwekundu mnene, akaondoa mayai yaliyokuwa chini yake akayaweka kando kwenye blanketi, akaingiza yangu, na yule kuku akajitanua juu yake bila swali. Mzee Rono alichuchumaa karibu nami. Tukakaa hivyo muda mrefu, tukisikiliza maganda yakivunjika.

"Baba ya huyu kijana alikufa akiwa mdogo?" akauliza, haniangalii.

"Mdogo sana."

"Na ni wewe umemlea."

"Ni sisi wawili, na mama Wambo."

Akavuta kofia yake nyuma. "Nilikuwa nimeuliza alilelewa na watu wa aina gani," akasema. Kisha kwa ile sauti ya mlimani: "Chelangat! Leta mursik. Hawa si wageni." (Mursik ni yale maziwa yao ya kibuyu, na hawampi kila anayebisha hodi.)

Mwangi alinikumbatia kwa nguvu, na sasa hapakuwa na cha kuvunjika.

Tulibishana jambo moja tu kabla ya kuondoka. Mzee Rono alidai vifaranga vimezaliwa bomani kwake kwa hiyo ni vyake, mimi nikasema mama yao ni mimi na mashahidi wamejaa. Tukakubaliana nusu kwa nusu, wa kati awe wa Gogo, wote wabaki wakue pale, na majogoo wangu wawili wa faini wakatwe kwenye nusu yangu. Ndiyo mapatano ya kwanza ya familia zetu. Tulipofika Molo Chelangat akapiga simu: wote tisa wametoka, wote wanatembea.

Nyumbani nilimkuta Madam jikoni, kwenye kona yake ile ile, analalia viazi vya Nyambura. Akaniangalia. Sikumgusa. Wala sikufagia. Na nimeapa mbele ya mke wangu kwamba kuku akiamua kulalia hata ndani ya kofia yangu ya Jumapili, nitatembea kichwa wazi mpaka amalize.

Harusi ilikuwa Desemba, pale pale Kuresoi. Nilipewa nafasi ya kusema maneno machache kama baba wa bwana harusi. Nikasimama, nikashika koti, nikaanza, na nyuma ya hema jogoo mwekundu, mrefu, akawika mpaka kipaza sauti kikamjibu.

Mzee Rono hakuinuka hata kitini.

"Mkwe," akasema, "zima simu."