Mahindi Yasiyotobolewa

Majani ya kivumbani, aina ya mrihani wa mwituni, yakitwangwa hutoa harufu kali inayopanda puani ikakaa humo, na mwaka nilipokuwa na umri wa miaka tisa nyumba yetu ya Ganda ilinukia kivumbani kuanzia kizingitini hadi uchagani. Ilikuwa kazi ya Shangazi Kadzo, dada mkubwa wa baba, aliyerudi kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Aliyakausha majani kivulini, akisema jua huyaibia mafuta. Kisha aliyatwanga kinuni pamoja na maganda makavu ya ndimu na kuyatandaza uchagani, juu ya jiko, safu ya majani, safu ya mahindi. "Harufu ikiondoka, mdudu anaingia," aliniambia, na kila ilipofifia tulichuma mengine. Vidole vyetu viliteleza kwa mafuta hayo hata ugali ukawa na ladha yake.

Ndio mwaka tulioingiliwa na dumuzi. Ni mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, lakini ukitulia utamsikia akitafuna ndani ya mahindi. Jirani yetu Charo alipanda uchagani kwake akakuta vumbi na magunzi. Shangazi alizunguka nyumba kwa nyumba na fungu la majani mkononi, akieleza namna ya kuyatumia. Charo alimcheka mbele ya wanawe. "Hilo jani la waganga, Kadzo. Kwangu hatupungi pepo." Wengine nao wakacheka, na shangazi akarudi na fungu lake.

Kisha nikafanya nililolifanya. Shuleni, wakati wa chakula cha mchana, Dama binti Charo alikuwa na embe bichi tu. Mimi nilifungua mkebe wangu wa mahindi na kunde nikamwambia, "Tazama, hata punje moja haijatobolewa." Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa mtoto aliyeshiba, na shibe ina maneno mengi.

Siku ya tatu asubuhi walikuja wanaume saba, Charo mbele. Shangazi alikuwa akifagia uwanja. Hawakubisha hodi wala hawakusalimu.

"Mahindi yetu yamekwisha, yako mazima," Charo alisema. "Umeyavuta kwa uchawi wako."

"Charo, nilikuja kwako na majani haya haya. Nimekuficha nini?"

Waliingia ndani, wakatupa majani motoni, wakajaza magunia mahindi yake, eti wanarudisha yaliyo yao. Nasema waziwazi kwa sababu hakuna mwingine atakayesema: mahindi waliyoyaita ya kichawi waliyala hadi punje ya mwisho, na sikusikia hata mmoja wao akiumwa na tumbo.

Baba alisimama mlangoni muda wote huo. Nilimtazama mdomoni nikingoja neno, lolote lile. Walipokwisha kuondoka ndipo alipolipata. "Dada, nenda kwanza Junju kwa shemeji zako, mpaka watu watulie."

"Hata wewe, Karisa?"

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Mimi niliielewa methali hiyo siku ile, nikiwa nimeshika ufagio alioudondosha shangazi. Alipokuwa akifunga kanga zake nilimwendea nikilia, nikamwambia ni mimi niliyesema shuleni. Alinifuta kamasi kwa ncha ya kanga. "Ulisema kweli, mwanangu. Wewe hukukosa." Watu hawakutulia, au baba hakuuliza kama wametulia. Shangazi alifia Junju kabla sijamaliza shule, na baba alikwenda maziko akarudi siku hiyo hiyo.

Mwezi uliopita nilikwenda Ganda kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama. Wamefundishwa kuyapika majani ya kivumbani kwa mvuke, kukinga mafuta yake, na kuyatumia kuhifadhi mbegu katika mapipa yanayofungwa barabara. Mtaalamu alieleza kwamba majani yakaushwe kivulini, na kwamba harufu ikipungua dawa iongezwe. Watu walipiga makofi. Charo, mzee wa kijiji sasa, akapewa nafasi ya kushukuru. "Elimu hii," alisema, "ni ya babu zetu."

Nilisimama. "Shikamoo, mzee," nilisema, maana malezi hayakuniruhusu kuiruka. "Kadzo alikuwa babu yenu?"

Dama, aliyeketi miongoni mwa akina mama, aliinamisha kichwa. Charo alikohoa. "Hayo ya kale, mwanangu. Tusiyafukue."

"Mliyala mahindi yake," nilimwambia. Akaketi, na mwenyekiti akaita ajenda nyingine.

Nakiri kwamba mambo yamebadilika. Leo mwanamke wa Ganda ambaye mahindi yake ni mazima hupigwa picha, hafukuzwi, na nafurahi kwa ajili ya binti zake. Jamaa wananishauri nisamehe, kwa kuwa baba amekwisha kufa na Charo ni mzee. Nami huwauliza: ni nani aliyeniomba msamaha?