Picha za Shamba Lisilo na Watu

Siku bosi wangu aliponiomba nikapige picha za shamba la Shika Adabu, huko Likoni, nilipaswa kukataa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Uhuru ulikuwa bado kama miaka miwili. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya mjini iliyouza mashamba kwa niaba ya wenye hati. Jumapili nilivuka feri na kamera yangu ya sanduku, nikatembea njia za Likoni nikipiga picha za mawingu. Watu walinicheka, wenzangu walipiga picha za arusi, mimi namaliza filamu kwa mbingu. Lakini niliyapenda mawingu ya masika yakijikusanya juu ya minazi, na niliweza kungoja saa nzima jua litokeze pembeni yake. Bosi aliziona picha hizo mezani kwangu. Akataka kama hizo za shamba zima: minazi, mbingu kubwa, mtu asionekane wala nyumba. Wanunuzi, alisema, hupenda mahali patulivu. Akanipa gari na dereva.

Katika shamba hilo aliishi mjomba wangu. Hati hakuwa nayo. Kwetu pwani mti una mwenyewe na ardhi yaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Babu yangu aliruhusiwa kwa mdomo kupanda minazi, na tangu hapo hakuna aliyeuliza karatasi. Nyumba, minazi na makaburi ya wazee ndivyo vilivyokuwa ushahidi wao. Kwa miaka mingi nilijidai sikujua picha zile ni za nini. Nilijua vya kutosha kuuliza, na sikuuliza.

Tulifika asubuhi. Nikamwamkia mjomba, nikamwambia ofisi yataka picha za mandhari. Akafurahi, alidhani mawingu yangu hatimaye yamenipa heshima. Akawafunga mbuzi nyuma ya nyumba. Mkewe akaanua nguo kambani zisiharibu picha, huku akiuliza mbingu ya Likoni imefanya kosa gani hata ipelekwe mjini. Mjomba akavaa kanzu safi, akasimama mbele ya mnazi.

"Hapa pazuri?"

"Kaa kando kidogo, mjomba."

"Hapa?"

"Kando zaidi."

"Mwanangu, mwisho utanisimamisha Kwale."

Akacheka, akasogea.

Nikageuza kamera mpaka paa la makuti likatoka kwenye kioo. Makaburi yalikuwa nyuma ya majani. Nikapiga magoti ili majani yaonekane marefu, yayafiche kabisa. Hilo sikuagizwa na mtu. Nililifanya kwa kuwa picha ilipendeza zaidi.

Miezi michache baadaye wenye hati walitaka watu watoke. Mjomba alikwenda kwa ofisa wa serikali kueleza kwamba amezaliwa pale. Ofisa akazipanga mezani picha zangu, alizoletewa na wenye hati, akamuuliza kama kuna nyumba, mbona haionekani. Mjomba akajibu kwamba aliyezipiga ni mtoto wa dada yake, naye atakuja kusema kweli. Akanitumia habari. Bosi akaniambia nikienda huko, nisirudi kazini.

Sikwenda.

Mjomba na watu wake walitolewa, wakahamia Mtopanga, upande wa Kisauni, chumba cha kupanga. Nilikwenda mara moja tu. Mjomba aliitikia salamu, akaniuliza hali ya mama, akaingia ndani na kuniacha barazani. Alipofariki sikuletewa habari. Niliisikia sokoni, matanga yameshaondolewa. Kazi niliyoilinda nayo ilikwisha: ofisi ilifungwa mara baada ya uhuru, wenyewe wakarudi kwao ng'ambo.

Uamuzi ule wa kutokwenda ulimtoa mjomba katika nyumba alimozaliwa, na mimi ukanitoa katika ukoo wa mama yangu. Mama alipokufa, watoto wa mjomba walikuja kumzika. Walimsalimu kila aliyekuwapo, wakanipita bila kunipa mkono. Mpaka leo hakuna nyumba hata moja ya jamaa zangu, Likoni wala Kisauni, ninayoweza kuingia.