Harufu ya Chikichi

Msusi wa nyuma ya soko la Rumonge hujipaka mafuta mkononi kwanza, angoje kidogo, ndipo aguse kichwa cha mtu. Miaka kumi na mitano alilainisha nywele za watu kwa dawa kali, mpaka vidole vikabambuka. Sasa anapika mwenyewe mafuta ya chikichi na mshubiri, na nywele za mteja wake Zena, zilizokuwa zikikatika, zimelala vizuri bila ngozi kuwasha.

"Murakoze, asante dada. Tena mafuta yananukia!"

Kitana kikasimama. "Yananukia namna gani?"

Zena akacheka, kisha akamwona msusi kwenye kioo: kopo la mafuta limegusa pua, macho amefumba, anavuta pumzi tena na tena.

"Ile dawa iliniua pua," alisema msusi. "Niambie tu."